Nasaba zetu ziko Bahi: tuwaulize wazee wangali hai

Watoto wetu wanaozaliwa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mjini wanayajua majina matatu: lao, la baba na la babu. Hayo ndiyo yanayoandikwa katika vyeti na vitambulisho, na wengi wetu tumeridhika nayo. Ukimuuliza kijana babu yake alizaliwa na nani, atajibu kuwa kwao ni Bahi, kisha atanyamaza.

Uislamu hauridhiki nasaba iishie hapo. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Makusudio si kujifaharisha kwa ukoo, kwani Suratul Hujurat imekwisha kubainisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Allah (s.w.) ni yule aliye mchamungu zaidi. Makusudio ni ya kivitendo: kumjua aliye haramu kumuoa, kumjua mrithi, na kumjua ndugu mwenye haki ya kutembelewa na kusaidiwa.

Sisi tuliokulia Bahi tunaikumbuka nasaba ikisomeshwa bila ubao wala daftari. Jioni, baada ya ugali wa uwele na mlenda, wazee waliketi nje ya tembe na kutaja nani ni mtoto wa nani, huku sisi tukisikiliza kwa sikio moja, na la pili likingojea honi ya treni iendayo Kigoma. Mvua zilipokuwa nzuri mbuga ilijaa maji, tukavua kambale na perege. Kiangazi kilipowadia ardhi ile ile iligeuka nyeupe kwa magadi na chumvi, na mama zetu wakaukwangua udongo wake, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha hadi chumvi ikabaki chunguni. Hayo yote tunayakumbuka vizuri. Majina yaliyotajwa usiku ule ndiyo yaliyotuponyoka, na ndiyo yaliyoturudisha kijijini kuyauliza upya.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mzee wa Ugogo haulizwi mwaka, huulizwa tukio. Bibi hajui kama baba yake alizaliwa mwaka gani, lakini anajua kuwa alizaliwa Wajerumani wakipitisha reli kijijini. Reli hiyo ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na Bahi iko katikati, hivyo mwaka wa kuzaliwa unapatikana kwa kukadiria. Tukio la pili ni njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana, na kufikia mwaka 1919 njaa ilikuwa imewatawanya watu huku na huko. Tukio la tatu ni Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, pale familia zilipohamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mahame ya babu zetu, ambayo leo yanatambulika kwa mbuyu uliokuwa karibu na boma, yalibaki tangu siku hizo.

Jambo la pili linahusu majina. Babu wa babu yetu aliposilimu alipewa jina la Kiislamu, na watoto wake wakaliandika hilo peke yake. Tulipolitaja jina hilo kwa wazee wa vijiji vya jirani hakuna aliyelitambua. Tulipotaja jina lake la Kigogo, mzee mmoja alitutajia papo hapo ukoo wake, ndugu zake na mahali zizi lake lilipokuwa. Sheria haimlazimishi anayesilimu kuliacha jina lake ikiwa maana yake si mbaya, na jina la baba yake halibadilishwi kabisa. Anayeandika nasaba basi na aandike majina yote mawili. Hata kitabu cha marehemu Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954, hakiwezi kumfaa mtu asiyelijua jina la ukoo wake.

Kwa njia hiyo tulimpata dada wa babu yetu. Wakati wa Mtunya baadhi ya familia ziliwaacha watoto kwa wenye chakula ili zipate nafaka, na yeye alikuwa miongoni mwao. Alikulia katika nyumba moja upande wa Kintinku, akaitwa kwa jina la nyumba ile, na kwetu akahesabiwa kuwa amekufa. Suratul Ahzab imeamrisha watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao, nasi tuliona kwa macho sababu ya amri hiyo. Wajukuu wake ni Wakristo. Walitupokea kwa "Mbukwenyi", wakatuandalia kuku, na wakakubali sisi wenyewe tumchinje. Wapo kati yetu waliouliza kama udugu huo una hesabu. Jibu ni kisa cha Asmaa bint Abubakar (r.a.), aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake ambaye hakuwa Muislamu, akaamrishwa amuunge. Kweli, hatutarithiana nao, lakini zawadi, kujuliana hali, na hata wasia usiozidi theluthi ya mali, vyote vimo katika uwezo wetu.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Wakati tukikusanya majina, kijana wa ukoo wetu aishiye Dar es Salaam alikuwa amekwisha kupeleka barua ya posa kwa binti wa jirani zetu wa Bahi. Mama yake kijana alikuwa amefariki siku nyingi. Bibi mmoja wa makamo ya kukongoja, tuliyemwendea kwa habari za ukoo tu, aliposikia jina la baba wa binti alishtuka. Alitueleza kuwa baba huyo alizaliwa mwaka wa kuhamishwa, mama yake akaugua, na kwa miezi kadhaa akanyonyeshwa na mama wa kijana wetu. Kwa hiyo muoaji alikuwa baba mdogo wa binti kwa kunyonya, na kilicho haramu kwa nasaba ni haramu pia kwa kunyonya. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, unyonyeshaji wenye kuharimisha ni mara tano au zaidi, ndani ya miaka miwili ya mwanzo ya mtoto. Shekhe aliwasikiliza bibi na wazee wengine waliokumbuka jambo hilo, kisha akaagiza posa irudishwe. Ilikuwa huzuni kwa nyumba mbili, lakini ilikuja kabla ya ndoa na kabla ya watoto. Uqba bin Harith (r.a.) aliambiwa habari kama hiyo akiwa tayari ameoa. Alisafiri kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume (s.a.w.), kisha akaachana na mkewe.

Bibi yule ametangulia mbele ya haki mwaka uliofuata. Lau tungechelewa, hakuna cheti wala ofisi ambayo ingetueleza alichotueleza.

Ndugu msomaji, kila familia na ianze na daftari moja. Waulizwe kwanza akina bibi, maana wao ndio wajuao nani alizaa na nani alinyonyesha. Yaandikwe majina ya Kiislamu na ya asili, ukoo, kijiji cha zamani na cha sasa, tukio la wakati wa kuzaliwa, na jina la kila mwanamke aliyemnyonyesha mtoto asiye wake. Waandikwe pia ndugu wasio Waislamu. Daftari hilo lisomwe mbele ya watoto familia ikutanapo siku ya Idi, na lifunguliwe kabla ya kujibu barua yoyote ya posa na kabla ya kugawa mirathi yoyote. Mwenye mzee aliye hai Bahi, Kigwe, Chipanga au kwingineko asingoje likizo ya mwisho wa mwaka.