Je, Wajua? Figo Hujengwa Mara Tatu

Je, wajua kwamba mjini Mbale, Uganda, somo la kwanza la figo hutolewa buchani, bila hadubini? Figo la mbuzi ni laini kama haragwe. La ng'ombe limegawanyika vipande takriban 20, kama kichala cha zabibu. Wewe nawe ulizaliwa na figo la kichala. Mifuo yake hujaa polepole utotoni.

Je, wajua kwamba mamalia hutengenezewa figo mara tatu? La kwanza huchomoza upande wa shingo na kutoweka bila kazi. La pili huchuja kwa muda mfupi tu. Mtoto akiwa wa kiume, mfereji wa figo hilo haupotei, hugeuka kuwa njia ya mbegu. (Fundi mzuri hatupi mbao.) Mfereji huo bado unaitwa kwa jina la Mjerumani Caspar Friedrich Wolff, aliyefariki 1794. La tatu ndilo la kudumu: kwa binadamu huanza nyongani, wiki ya 5 ya kiinitete, kisha hupanda hadi chini ya mbavu.

Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Busitema, ambao kitivo chao kipo Mbale tangu 2013, hukutana na mambo haya kwenye kioo cha hadubini. Tishu huzamishwa kwenye nta, hukatwa kwa unene wa maikromita 5 hivi, kisha hutiwa rangi: viini vya seli huwa zambarau, vingine waridi. Hapo ndipo utamu ulipo. Figo changa hujengwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo ukingoni mna vifundo vya seli vilivyoanza jana. Ndani kidogo vimepinda kama koma. Kisha kama herufi S. Ndani zaidi, chujio kamili. Sogeza kioo kidogo tu na umepita wiki nzima.

Je, wajua nani huamrisha ujenzi? Ni mazungumzo ya tishu mbili: chipukizi la mrija na seli zinazolizunguka. Zitenganishe, zote hukwama. Miaka ya 1950, Mmarekani Clifford Grobstein aliweka kichujio chembamba kati ya seli za figo la panya na kipande cha uti wa mgongo wa kiinitete, kilichochukua nafasi ya chipukizi. Mirija ikaota vilevile. Ujumbe ulipenya.

Je, wajua kwamba hesabu hufungwa kabla ya kuzaliwa? Vichujio vyetu, yaani nefroni, hukoma kuundwa karibu na wiki ya 36 ya mimba. Wastani ni milioni moja kwa kila figo, lakini wapo wenye laki mbili na wapo wenye milioni mbili. Baada ya hapo hunenepa tu, haziongezeki. Kwa hiyo mtoto wa Mbale anayeletwa wodini na malaria kali, mkojo mweusi kama chai ya rangi, anapigana kwa akiba aliyopewa tumboni. Mkojo huo usisubiri kesho.

Panya yeye huendelea kuunda nefroni siku chache baada ya kuzaliwa, na hiyo ni sababu moja ya maabara kumpenda.

Na ndovu? Mwaka 1999 watafiti waliochunguza viinitete vyake walikuta kwenye figo la pili vifaneli vidogo ambavyo huonekana kwa samaki na vyura. Wakahisi babu yake aliishi majini. Ndovu wa Mlima Elgon, unaoinuka juu ya Mbale, siku hizi hutafuta chumvi kwenye mapango ya upande wa Kenya.