Kuuza si kuuza: namna ya kutafuta besi ya okazyo Lubumbashi

Mwaka jana kwaya yetu ilinipa dola 200 nikaitafutie gitaa la besi la okazyo. Nasema okazyo kwa kuwa ndilo neno letu hapa. Dar es Salaam wangesema mtumba. Dola hizo zilitokana na mikate na maji baridi ya akina mama wa kwaya, kwa muda wa miezi saba. Mimi si mpiga besi. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma lugha, na watu waliamini kwamba msomi wa lugha hadanganywi kwa maneno. Makala hii inaeleza jinsi nilivyodanganyika bila mtu yeyote kunidanganya, kisha jinsi ya kupima besi na ampli kabla ya kutoa feza.

Watu wawili wenye feza

Rafiki alinipa namba ya mfanyabiashara Mtanzania anayepita Kasumbalesa na bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam. Nilimpigia simu nikamwambia: "Niko nauza besi ya okazyo." Akajibu: "Vizuri kaka, unauza bei gani?" Nikasema dola 200. Akaomba picha, nami nikamtumia picha ya besi ya zamani ya kwaya jirani, ili aone aina ninayoitaka. "Sawa," akasema, "naichukua. Tukutane Jumamosi."

Jumamosi nilisafiri karibu kilomita 90 hadi mpakani. Tulisalimiana vizuri, tukaketi, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Hatimaye akauliza: "Sasa besi iko wapi?" Nami nilikuwa karibu kumuuliza vilevile. Yeye alikuwa na feza mfukoni, mimi nilikuwa na feza mfukoni, na gitaa halikuwepo.

Kosa lilikuwa ndani ya kitenzi kimoja. Katika Kiswahili sanifu, kuuza ni kutoa mali upate feza, na kinyume chake ni kununua. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kutoa feza upate mali, na mwenye mali ndiye anayeuzisha. Wageni huona kwamba tumegeuza lugha juu chini. Lakini ukitazama lugha jirani, jambo lina utaratibu wake. Katika Kibemba, kununua ni *ukushita*, kuuza ni *ukushitisha*. Katika Kiluba cha Kasai, kununua ni *kusumba*, kuuza ni *kusumbisha*. Kitenzi cha msingi ni cha mnunuzi. Kiambishi cha kusababisha kinatupa muuzaji, yaani mtu anayemfanya mwingine anunue. Waliojenga miji ya Katanga walikuja na lugha hizo vinywani, na kwa maoni yangu walilipa neno la Kiswahili umbo walilokuwa wanalijua. Si ujinga, ni sarufi. Ila sarufi hiyo ilinila nauli ya kwenda na kurudi, ambayo haikuwa ya akina mama bali yangu.

Maneno ya muuzaji

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa mzee mmoja hapa mjini, safari hii pamoja na yaya anayepiga besi katika kwaya yetu. Mzee alitoa gitaa, akasema: "Iko muzima kabisa, sawa mupya."

Maneno haya mawili yanastahili kusikilizwa polepole. *Muzima* husemwa juu ya mtu aliye hai na mwenye afya, pia juu ya kitu ambacho hakikuvunjika. Muuzaji hana haja ya kusema uongo: anasema besi haikuvunjika, nawe unasikia kwamba ina afya. *Sawa* kwetu ni "kama". Kinachofanana na kipya hakijawa kipya. Kwa hiyo maneno yakiisha, mikono na masikio yaanze.

Kupima besi

Besi ya kawaida ina nyuzi nne: mi, la, re na sol. Umbo tunalolijua lilienea kutoka Marekani, pale Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951. Mwaka uliofuata Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake moja lilikuwa na besi ndani yake tayari: kazi ya dole gumba. Sisi wa kwaya, hatuna dole gumba la Mwenda. Tunahitaji mtu wa kushika chini.

Yaya alianza na shingo. Alibana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, akatazama nafasi iliyobaki chini ya uzi kwenye freti ya 7 au 8. Nafasi nyembamba kama kadi ni nzuri. Ikiwa pana, shingo imepinda kuelekea nyuzi. Ikiwa hakuna kabisa, huenda imepinda kuelekea nyuma. Besi nyingi zina fimbo ya chuma ndani ya shingo, nayo hurekebishwa kwa ufunguo, mradi inazunguka. Lakini shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, iache hapohapo.

Kisha alipiga kila uzi kwenye kila freti. Kazi hii huchosha muuzaji, nawe usione haya. Sauti inayotetemeka mahali pamoja tu mara nyingi inaonyesha freti iliyolika au iliyonyanyuka. Kwenye freti ya 12 aligusa uzi bila kuubana, akasikiliza. Halafu akaubana na kuupiga tena. Sauti mbili zinapaswa kulingana. Zisipolingana, mara nyingi ni kusogeza kidaraja cha uzi, kazi ya bisibisi.

Mwisho ni umeme. Zungusha kila kifundo: ukisikia mkwaruzo, kwa kawaida ni vumbi. Tikisa jaki taratibu: sauti ikikatika, huenda ni waya wa kulehemu upya. Jaribu kila mikro peke yake. Ikiwa besi inatumia betri ya volti 9, nenda na betri mpya, maana besi "iliyokufa" inaweza kuwa na njaa tu.

Faida ya kupima si kukataa. Ni kugawa kasoro mafungu mawili: zile za kupunguza bei na zile za kuondokea. Besi ya mzee ilikuwa na mkwaruzo na jaki legevu, lakini shingo yake ilikuwa safi. Alitaka dola 220. Yaya akamwonyesha jaki, akasema: "Papa, punguzako kidogo." Hiyo *-ko* mwishoni haionyeshi mahali. Inalainisha amri iwe ombi, na bila hiyo mzee angejisikia kusukumwa. Tulifika 165.

Kupima ampli

Mzee alikuwa pia na ampli nzuri, dola 80 tu. Tungeweza kukopa kidogo tukamaliza yote siku moja. Yaya akaigeuza, akasoma nyuma: 120 V, bila swichi ya kubadili. Umeme wetu ni wa volti 220. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Ingehitaji transfoma yenye uwezo wa kubeba matumizi yake yote, na hiyo nayo ina bei.

Nyuma ya ampli soma pia wati na omu. Wati zikiwa mara mbili, sauti haiwi mara mbili. Inaongezeka desibeli 3 tu. Usiwalipie watu namba. Kuhusu omu, ampli iliyoandikwa kiwango cha chini cha omu 4 inaweza kubeba spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba, kwa kuwa pamoja zinakuwa omu 4. Ukiongeza ya tatu unashuka chini ya kiwango, na ampli inaweza kuungua. Wala usipige besi kwa nguvu kwenye ampli ya gitaa la solo: uzi wa mi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika isiyotengenezwa kwa mwendo huo huharibika.

Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya pande zote mbili. Ikikwaruza ndani, koili inagusa. Kisha piga kwa robo saa nzima, kwa maana kuna kasoro zinazosubiri joto.

"Hii ampli ni ya umeme wa wengine," yaya akasema, tukaiacha. Iliniuma. Hadi leo tunaazima ampli ya jirani kila Jumapili, lakini akiba ya dola 35 iko, na akina mama wanaendelea na mikate.

Karatasi

Kabla ya kuondoka niliandika hati, kama mtu aliyesoma: aina ya gitaa, namba yake, tarehe, na kwamba mzee "ameuza" nami "nimenunua". Mzee akavaa miwani, akasoma, akaniangalia.

"Mudogo wangu, kama ni mimi niliuza, mbona feza iko kwako?"

Nikafuta. Tukaandika upya: feza dola 165 imetoka kwa fulani, imeenda kwa fulani, besi imetoka kwa fulani, imeenda kwa fulani. Tukatia sahihi wote wawili. Nakushauri uandike hivyohivyo. Hati hiyo itasomeka Lubumbashi, itasomeka Dar es Salaam, na hakuna atakayesafiri hadi mpakani kutazama mikono mitupu.