Andika Wosia Ungali Mzima

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Je, wosia wako umekwisha uandika?

Tuseme una ng'ombe sita na shamba la zabibu pale Hombolo. Wewe na mkeo mmelilima pamoja miaka mingi. Ukifa bila wosia, huenda mirathi yako ikafuata kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Kanuni hizo zasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Watoto ndio wamtunze. Na wasipomtunza?

Katika wosia waweza kumpa mkeo fungu lake. (Mirathi ya Kiislamu ina sheria zake. Hapa nasema juu ya mila.) Andika kwa wino, si kwa penseli. Taja kila mali na atakayeipata. Andika tarehe, kisha utie sahihi. Mkeo awepo. Mashahidi wawili nao watie sahihi: mmoja wa ukoo, mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma hutakiwa mashahidi wanne. Kisomo kimekupunguzia kazi!

Ukikwama, mtafute msaidizi wa kisheria. Chini ya sheria ya mwaka 2017, watu wasio na uwezo husaidiwa bila malipo.

Baada ya mazishi, ukoo hukutana na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Huyo asiswage ng'ombe kwenda kwake. Kwanza aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Hakimu akimteua, ndipo akusanye mali, alipe madeni na kuwagawia warithi. Akificha mali, mjane aende mahakama hiyo hiyo akamshtaki.