Pointi za Hoteli: Akiba Iliyosahaulika ya Safari ya Familia

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu familia si baba, mama na watoto wawili peke yao. Yupo nyanya, yupo shangazi asiye na wa kumwangalia, yupo mtoto wa ndugu anayelelewa kama wa kuzaa. Hapo ndipo mipango ya safari hukwama. Nauli hupatikana kwa kudunduliza, lakini gharama ya malazi inapopigiwa hesabu, majina huanza kufutwa katika orodha. Mara nyingi jina la kwanza kufutwa ni la nyanya, ambaye hamu yake ya kwenda ilikuwa kubwa kuliko ya wote.

Katika nyumba hiyohiyo huenda akawemo mtu mwenye pointi za kutosha kulipia siku mbili au tatu za hoteli, naye hana habari nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi ni mali ya aina hiyo. Wiki hii tumeona ni vyema tuzieleze: zinatoka wapi, zina thamani gani, zinawafaa vipi wenye familia kubwa, na ni wapi muumini anapaswa kusita kabla ya kuzitumia.

Pointi ni kitu gani?

Wengi wetu tulilizoea neno hili kupitia simu, tangu Safaricom ilipoanzisha Bonga mwaka 2007. Katika hoteli, jambo hili ni la zamani zaidi. Mwaka 1983 kampuni za Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango ya kumtuza mgeni arudiye, na Hilton ikafuata mwaka 1987. Leo Marriott ina mpango uitwao Bonvoy, Hilton ina Honors, Accor ya Ufaransa ina ALL, na IHG, yenye InterContinental na Crowne Plaza, ina One Rewards. Kujiunga na mipango hii hakulipishwi. Mtu hutoa jina na anwani yake ya barua pepe, akapewa nambari.

Utaratibu ni mwepesi. Kila mgeni anapolipia chumba, pointi huandikwa katika akaunti yake. Kwa hoteli nyingi za Marriott na Hilton, mwanachama wa ngazi ya mwanzo hupata pointi 10 kwa kila dola moja ya Marekani. Sharti kubwa ni kwamba chumba kiwe kimewekwa kwa hoteli yenyewe, kwa simu au kwa programu yake. Aliyepitia kwa mawakala wa intaneti, kwa kawaida hapati kitu.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mombasa aendaye Dubai kuleta bidhaa mara nne kwa mwaka, akilala siku nne kila safari katika hoteli ya dola 100. Kwa mwaka ametumia dola 1,600, na pointi zake ni 16,000. Hizo si za kumlaza familia nzima wiki mbili, lakini haba na haba hujaza kibaba. Miaka miwili ya kuandikisha nambari yake mapokezini huweza kumpa nyanya chumba. Asiyeiandikisha analipa bei ileile na kutoka mikono mitupu.

Thamani yake huhesabiwaje?

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kila palipoandikwa pointi ni bure. Pointi ni sarafu, na sarafu hutumiwa kwa hesabu. Kanuni ni moja: gawanya bei ya fedha taslimu, pamoja na kodi zake, kwa idadi ya pointi zinazotakiwa.

Tuseme hoteli ya kwanza inataka shilingi 20,000 au pointi 25,000 kwa usiku mmoja. Kila pointi hapo ina thamani ya senti 80. Hoteli ya pili inataka shilingi 18,000 au pointi 15,000, na hapo kila pointi imefikia shilingi 1 na senti 20. Mwenye busara atatumia pointi zake katika hoteli ya pili, na akilazimika kulala katika ya kwanza, atalipa taslimu.

Kwetu Kenya kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni bei ya wakaazi. Hoteli nyingi nchini humtoza mkaazi mwenye kitambulisho bei ya chini kuliko mgeni wa nje. Ikiwa ile hoteli ya kwanza ina bei ya mkaazi ya shilingi 14,000, thamani ya pointi imeshuka hadi senti 56. Kwa hivyo, msomaji asilinganishe pointi na bei iliyotangazwa kwa watalii. Apige simu kwanza, aulize bei yake yeye.

Mpango wa Accor una hesabu yake mbali. Pointi 2,000 hupunguza euro 40 katika malipo, na kiwango hicho hakibadiliki kwa msimu. Katika sehemu kubwa ya hoteli zake, mwanachama wa mwanzo hupata pointi 25 kwa kila euro 10. Maana yake ni kwamba aliyetumia euro 800 hupata punguzo la euro 40, yaani asilimia 5. Mipango ya Marriott na Hilton haina kiwango kimoja. Idadi ya pointi hupanda pale ambapo vyumba vinagombaniwa, kama vile Makka katika mwezi wa Ramadhani, na hushuka siku za upweke.

Ni wapi zitatufaa?

Katika Pwani yetu, hoteli nyingi za ufuoni ni za wenyewe au za kampuni za humu nchini, hivyo pointi za kampuni hizi za kimataifa hazina kazi kubwa. Hali ni tofauti Nairobi, ambako familia nyingi huenda kwa matibabu, kwa harusi au kumpeleka kijana chuoni. Huko kuna Fairmont The Norfolk na Mövenpick zilizo chini ya Accor, Hilton Garden Inn iliyo karibu na uwanja wa ndege, na JW Marriott ya Westlands.

Safari inayogusa nyoyo za wasomaji wetu zaidi ni ile ya Umra, na miji yote miwili mitukufu ina hoteli za mipango hii. Makka, katika majengo ya Abraj Al Bait yanayokabili Msikiti Mtukufu, kuna Fairmont, Swissôtel na Raffles za Accor. Jabal Omar kuna Hilton Suites, Conrad na Marriott. Madina kuna Pullman Zamzam, Madinah Hilton, Crowne Plaza na InterContinental. Anayesafiri na mzee anajua maana ya kulala karibu. Mwenye magoti mabovu, anayehitaji kurejea chumbani baina ya swala, ukaribu kwake ndio unaoamua kama ataswali na jamaa au atabaki kitandani.

Hapa lazima tutoe tahadhari. Wengi wetu huenda Umra kwa vifurushi vya mawakala, vyenye viza, usafiri na malazi kwa pamoja. Kabla hujatumia pointi hata moja, muulize wakala wako mambo mawili: je, atakubali kukuuzia huduma nyingine bila ya hoteli, na je, taratibu za viza kwa wakati huo zinaruhusu malazi uliyoyaweka mwenyewe? Kanuni hizi hubadilika. Pata jibu kwa maandishi. Uzuri ni kwamba vyumba vya pointi kwa kawaida huweza kufutwa kabla ya tarehe iliyotajwa, na pointi zikarudi akauntini. Isome tarehe hiyo na uiandike.

Familia kubwa, chumba kidogo

Mitambo ya kuweka vyumba huanza na dhana ya watu wazima wawili. Ukiiacha hivyo, utaonyeshwa chumba kisichowatosha, na ukifika na watoto wanne mapokezini utaambiwa ununue chumba cha pili kwa bei ya siku hiyo. Andika idadi kamili ya watu na umri wa kila mtoto tangu mwanzo. Kisha piga simu hotelini na uulize: chumba hiki kinaruhusu watu wangapi? Kitanda cha nyongeza ni bei gani? Staftahi imo kwa watoto, au kwa wazazi peke yao? Pointi hulipia chumba, na aghalabu chakula ni hesabu nyingine.

Wenye watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, huhitaji vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha. Zamani ombi hilo lilitegemea bahati ya siku ya kufika. Tangu mwaka 2021, Hilton imewezesha vyumba vya aina hiyo kuthibitishwa wakati wa kuwekwa, katika hoteli zenye navyo. Makka na Madina, vyumba vya vitanda vitatu au vinne ni vya kawaida, na mara nyingi chumba kimoja cha namna hiyo hushinda viwili vidogo kwa unafuu.

Kuna faida mbili zaidi kwa wenye familia. Ya kwanza ni usiku wa tano. Katika Marriott, anayelipia siku tano mfululizo kwa pointi hutozwa nne, na Hilton hutoa fadhila kama hiyo kwa wanachama waliokwisha kupanda kutoka ngazi ya mwanzo. Ya pili ni kuchangishana. Hilton huruhusu wanachama hadi 11 kukusanya pointi zao kwa mmoja bila malipo, nayo Marriott huruhusu mwanachama kumhamishia mwenzake kwa kiwango maalumu kila mwaka. Ndugu watano waliotawanyika Mombasa, Nairobi na Muscat, kila mmoja na vijipointi visivyomfaa peke yake, wanaweza kuviweka pamoja wakamsafirisha mama yao.

Mambo ya kusita

Tumezoea kuambiwa pesa za bure, na muumini huuliza kwanza zimetoka wapi. La kwanza ni kadi za mkopo. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi, pointi nyingi hazitoki hotelini. Hutoka kwenye kadi za benki, na deni lisilolipwa kwa wakati huzaa riba. Hakuna chumba, hata kiwe mkabala wa Al-Kaaba, kinachostahili kununuliwa kwa mlango huo. Mwenye kadi ya namna hiyo na awaulize wanavyuoni anaowaamini kuhusu hukumu yake kabla ya kuhesabu faida yake.

La pili ni amana. Watumishi wa mashirika na serikali hulala hotelini kwa fedha za mwajiri, na pointi huandikwa kwa majina yao. Waajiri wengine huruhusu waziwazi, wengine hukataza, na wengine hawajasema lolote. Uliza. Swali la dakika mbili kwa mkuu wako litakupa utulivu wa moyo. Na kuchagua hoteli ya ghali kwa fedha za ofisi ili upate pointi zaidi, huko ni kuila amana, hata kama hakuna atakayegundua.

La tatu ni israfu. Kampuni hizi hazitoi pointi kwa huruma. Hutaka urudi, na utumie zaidi. Ukijiona unalala siku ya ziada ili ufikie ngazi fulani, ujue kwamba wewe ndiye unayetumiwa. Nje ya miji mitukufu, kumbuka pia kuuliza kama nyama ya jikoni ni halali, na kuomba vileo viondolewe katika friji ya chumba kabla hamjaingia. Ombi hilo si geni kwa hoteli, na hukubaliwa kwa adabu.

Pa kuanzia

Tunashauri kila nyumba ifanye kazi moja wiki hii. Chukua daftari, waulize wote waliopata kulala hotelini katika miaka miwili iliyopita, na uandike: jina la mpango, nambari, idadi ya pointi, na siku ya kuisha. Hilo la mwisho lisipuuzwe. Pointi za Marriott na Hilton hupotea akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli, na za Accor hupotea baada ya siku 365 tangu malazi ya mwisho. Za IHG, kwa mwanachama wa mwanzo, hupotea baada ya miezi 12 ya kimya. Kwa kuwa masharti haya hurekebishwa mara kwa mara, yathibitishe kwa kampuni yenyewe.

Daftari likikamilika, kaeni pamoja muamue safari kabla ya kuamua hoteli. Pointi zisiwe ndizo zinazowaambia pa kwenda. Kisha, bajeti inapoandikwa, jina la nyanya liandikwe la kwanza, na hesabu ya vyumba ianzie hapo. Mwenyezi Mungu atujaalie safari za kheri na kurejea kwa salama. Amin.