Amana Iliyomo Ndani ya Diski Kuukuu



Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa imetimiza miaka 11. Ilichelewa kuwaka, na diski yake ikitoa mlio kama wa kucha zinazokwaruza bati. Tukanunua mpya. Usiku mmoja baada ya Isha tukakaa tukinakili kila tulichokiona juu ya kioo cha ile ya zamani, tukakitia kwenye flashi, na kutoka humo tukakipeleka kwenye mpya. Asubuhi tukamuuzia fundi mmoja wa Mji wa Kale ile kuukuu, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Wiki mbili baadaye, mkesha wa Idi, mama watoto akaomba tumwekee sauti ya marehemu mama yetu. Tuliirekodi mwaka mmoja kabla hajafariki, akitaja nasaba ya ukoo kizazi baada ya kizazi, na mipaka ya shamba la familia mti kwa mti. Tukabofya, haikufunguka. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tulichonakili hakikuwa sauti, bali alama yake tu: kile kipicha kinachoonyesha njia ya kuiendea faili, ilhali faili yenyewe imekaa katika folda nyingine kabisa. Tulibeba kibao cha jina la mtaa tukidhani tumebeba nyumba.

Tulifika kwa fundi kabla hajafungua duka.

"Ustadhi, nishaifuta tangu juzi," alisema. "Lakini sijatia kitu juu yake. Kaa kitako tujaribu."

Akaendesha programu ya kurejeshea faili zilizofutwa. Baada ya saa tatu, sauti ya mama yetu ikasikika dukani mle, na machozi yakatutoka. Lakini furaha ile haikukaa sana. Juu ya kioo kile kile zilikuwa zikijipanga, moja baada ya moja, picha za harusi ya binti yetu: picha za ukumbi wa wanawake, ambazo hakuna mwanamume asiye maharimu wake aliyepata kuziona. Fundi yule, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aligeuza uso na kutuachia kiti. Je, lau angekuwa mtu mwingine?

Jambo lililoturudishia sauti ya mama ndilo hilo hilo lililowafichua binti zetu. Kompyuta inapofuta faili kwa njia ya kawaida, aghalabu huondoa tu habari za mahali ilipo, mfano wa kitabu kilichong'olewa faharasa. Kurasa zingali zimo mpaka ziandikwe juu yake. Ajuaye huzisoma.

Basi anayehamisha faili zake azingatie mambo matatu.

Kwanza, anakili, wala asikate na kubandika, ili asili ibaki mpaka kazi itimie. Asitosheke na vilivyo juu ya kioo. Aingie katika folda za nyaraka, picha, video na vilivyopakuliwa. Tena ajue kwamba flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hivyo video ndefu ya harusi huenda ikakataa kuingia. Njia iliyo nyepesi ni kuitoa diski ya zamani na kuiunga kwenye kompyuta mpya kwa waya wa USB uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Pili, ahakiki. Aichomoe diski ya zamani, kisha afungue faili moja moja katika ile mpya: asikilize sauti, atazame video hadi mwisho, asome wasia na hati.

Tatu, afute kikweli kabla ya kuuza. Katika Windows, tangu toleo la Vista, formati kamili huandika sufuri juu ya diski yote. Ile ya haraka haifanyi hivyo. Diski za SSD hufutwa kwa programu ya mtengenezaji wake. Asiyeweza hayo, na aiuze kompyuta bila diski. Kuitoa ni kazi ya bisibisi na dakika chache.

Akina mama, msidhani kwamba kazi hii ni ya wanaume na vijana peke yao. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa na Zayd bin Thabit zama za Abubakar zilihifadhiwa baadaye na Bibi Hafsa binti Umar, radhi za Allah ziwe juu yao. Sayyidna Uthman alipotaka kuzinakili, aliziazima kwake, na nakala zilipokamilika akamrejeshea. Aliyeishika amana ile alikuwa mwanamke, na asili yake haikutupwa kwa pupa ya kupata nakala.

Kwetu, sauti ya mama sasa imo katika kompyuta mpya na katika diski ya pembeni aliyonayo binti yetu nyumbani kwake. Ile kuukuu tuliinunua tena kwa fundi, tukaitoa diski, tukaivunja kwa nyundo uani, binti zetu wakitazama.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Wabillahi tawfiq.