Catch: Kitenzi Kimoja, Kazi Nyingi

Mwanafunzi anayefundishwa kwamba catch ni kukamata hajadanganywa. Polisi hukamata mwizi, na Mwingereza hutumia neno hilohilo. Taabu huanza anapokutana na sentensi kama I must catch the bus au I didn't catch your name. Basi halikamatwi, huwahiwa. Na jina la mgeni mtu hulisikia vizuri au likampita.

Mafua ndiyo yanayoonyesha tofauti kubwa zaidi. Kwa Kiswahili, mafua ndiyo humshika mtu. Kwa Kiingereza, mtu ndiye anayeyashika: she caught a cold. Mtendaji amegeuka, na anayetafsiri neno kwa neno hapo hujikwaa. Kwenye moto lugha hizi mbili zinapatana: nyumba hushika moto, the house caught fire.

Kitenzi hiki kililetwa Uingereza na Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066. Katika Kifaransa chao, cachier ilikuwa kuwinda na kufukuza, na asili yake ni Kilatini. Wafaransa wa kati walitamka chacier, na Waingereza wakalichukua hilo pia, likawa chase. Ni maneno pacha: chase likabaki na mbio za kufukuza, catch likachukua ushindi wa mwindaji.

Hata wakati uliopita wake una kisa. Vitenzi vilivyotoka Kifaransa kwa kawaida huongezwa -ed, lakini hiki huwa caught. Kiliiga latch, kitenzi cha zamani cha Kiingereza chenye maana hiyohiyo, ambacho leo kimebaki hasa kwenye makomeo ya milango.

Likiwa nomino, catch ni samaki waliovuliwa, na pia ni mtego uliofichwa ndani ya ofa nzuri. Joseph Heller aliipa maana hiyo ya pili nguvu kwa riwaya yake Catch-22 ya mwaka 1961. Humo, rubani mwenye wazimu anaweza kuondolewa vitani, ila lazima aombe mwenyewe. Na akiomba, huo ni ushahidi kwamba ana akili timamu, kwa hiyo ataendelea kuruka.

Unayejifunza Kiingereza, usiandike catch peke yake daftarini. Liandike pamoja na mwenzake: basi, mafua, moto, jina.