Mawingu Yanatuambia Nini?

Chilangala iko wilayani Newala, katika Uwanda wa Makonde. Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga. Maji ya mvua huzama upesi, na juu ya uwanda hakuna mito. Kwa miaka mingi watu walishuka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda nayo vichwani. Hata leo wako wanaokinga maji ya mvua mapaani na kuyaweka katika visima vya saruji. Basi si ajabu kwamba watu wa huko hutazama mbingu kwa makini.

Wingu ni nini? Jua likipasha maji joto, sehemu ya maji hugeuka kuwa mvuke ambao hauonekani kwa macho. Hewa yenye mvuke ikipanda juu hupoa, na mvuke hugeuka kuwa matone madogo mno yanayoelea hewani. Matone hayo mengi kwa pamoja ndiyo wingu. Funua sufuria inayochemka, utazame upande wa ndani wa kifuniko. Matone yaliyopo hapo yamefanyika kwa njia hiyo hiyo.

Pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu. Zifikapo kwenye uwanda, ambao mahali pengine una kimo cha meta 900 hivi, hulazimika kupanda. Kwa hiyo asubuhi nyingi Newala hufunikwa na ukungu. Ukungu si kitu kingine ila wingu lililogusa ardhi. Ukisimama Shimo la Mungu wakati huo, huenda usilione kabisa bonde la Ruvuma. Mkulima wa korosho haupendi sana ukungu huo, kwa maana ubaridi na unyevu husaidia ugonjwa wa ubwiriunga kushambulia maua ya mikorosho.

Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard aliyapa mawingu majina ya Kilatini yanayotumika hadi leo. Sirasi ni membamba kama manyoya, nayo yako juu sana; yamefanyika kwa chembe za barafu. Stratasi hutanda chini kama blanketi la kijivu na huleta manyunyu tu.

Kumulasi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ni mafungu meupe yenye kitako bapa. Yakibaki madogo mpaka alasiri, anikeni korosho zenu bila hofu. Lakini fungu likizidi kurefuka kama mnara, kitako kikawa cheusi na kilele kikatanuka kama fuawe, hilo sasa ni kumulonimbasi, wingu la radi. Ingieni nyumbani mara moja. Msijikinge chini ya mkorosho wala mwembe, kwa kuwa radi hupenda kupiga vitu virefu.

Watu husema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, ila mawingu hayatuambii habari za wiki ijayo. Kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa vipimo vya vituoni, rada, setilaiti na kompyuta. Mikoa ya kusini hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kabla ya msimu, Mamlaka hutangaza kama mvua itakuwa ya wastani, zaidi au pungufu. Mwezi wa Aprili 2019 ilitoa tahadhari kwa watu wa Mtwara kabla kimbunga Kenneth hakijafika. Tarehe 25 kimbunga hicho kiliipiga pwani ya Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Hata hivyo utabiri huhusu eneo kubwa. Wingu moja la radi laweza kunyesha Chilangala na kuacha kijiji cha jirani kikavu. Tusiseme upesi kwamba mtabiri amekosea.

Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la meta za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 litatoa lita 1,000. Pimeni upana na urefu wa darasa lenu, mkadirie lita ambazo paa lake lingekinga kwa mvua kama hiyo.